Mshikaji wa Same Aliyetaka Python Ijue Saa za Kiswahili

Jamaa ni fundi simu pale Same mjini, karibu na stendi. Mchana anabadilisha vioo, usiku anaandika kodi za Python kwenye laptopu yenye betri iliyokufa. Umeme ukikatika, na yeye kwisha habari yake.

Alitengeneza kaprogramu ka kuwatumia meseji wakulima wa tangawizi kule Mamba Miamba: gari la mzigo linapita saa ngapi. Siku hiyo programu ikaandika "saa 7:00". Shangazi yake akasoma kama mtu yeyote wa Upare angesoma: saa saba, mchana. Gari likapita saa moja asubuhi, magunia yakabaki. Alipopiga simu hakugomba, na hiyo ndiyo ilimuuma zaidi. "Mwanangu, si ulisema saa saba?"

Hapo mzuka ukampanda. Tatizo ni Python! Lugha imetoka tangu 1991, mpaka leo haijui kwamba huku saa zinaanza kuhesabiwa jua likichomoza? Akakesha siku tatu anaandika pendekezo waibadilishe. Kumbe lina utaratibu wake. Mapendekezo makubwa yanaitwa PEP, yana namba kabisa. Kama wewe si mmoja wa wanaoitunza lugha yenyewe, lazima mmoja wao akudhamini, halafu kuna baraza la watu watano ndio wanakata shauri. Na si mchezo: 2018 mabishano ya PEP 572, kialama tu cha :=, yalimchosha Guido van Rossum mwenyewe aliyeianzisha Python, akaachia ngazi.

Dada yake yuko Dar, naye anakula kwa kodi hizo hizo. Akasoma yote, akatuma voice note.

"Mdogo wangu, hii si ni kutoa 6, unachukua baki ya 12, ikiwa sifuri unaandika 12? Mstari mmoja! Watakuuliza kwa nini dunia nzima ibebe mstari wako. Tengeneza maktaba, ipandishe PyPI, anayeitaka ataichukua. Halafu hivi, aliyeandika 7:00 ni Python au ni wewe?"

Akanuna siku mbili. Ya tatu akarekebisha.

Jumatatu shangazi akapata meseji: "Gari saa moja asubuhi." Akapiga. "Asubuhi kweli? Haya, mie nitakaa barabarani tangu kumi na moja, simwamini mtu."

Pendekezo bado liko kwenye laptopu. Limefika kurasa nne.