Rangi Inayochuruzika

Hapa Awasi oda huwa ni ileile: "Msee, hizo herufi zichuruzike." Mara ni DJ, mara kinyozi, mara timu ya mpira. Wameiona kwenye matatu za Nairobi, wanaitaka. Nalipwa shilingi 500 kwa bango, na hizo ndizo hununua data ya kutumia makala kwa wahariri wanaolipa baada ya miezi mitatu, wakilipa. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo iliponishinda. Kwa hivyo usiidharau rangi inayochuruzika; ndiyo bosi wangu.

Natumia GIMP kwa sababu ni ya bure na laptopu yangu ya mtumba haiwezi kubeba Photoshop. Unaandika neno kwa fonti nene, unafungua leya mpya juu yake, unachukua brashi ya duara, unavuta mistari kwenda chini. Kufika hapo si kazi, ndiyo maana mabango mengi yanafanana na kichana: urefu sawa, nafasi sawa, meno tu.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyechora maduka na vibao kabla mashine za kuchapa mabango hazijamnyang'anya kazi, aliangalia kazi yangu kwenye simu akakunja uso.

"Wuoda, hii ni aibu. Sisi tungekatwa pesa."

Kwake, tone likiteremka kwenye herufi ni ushahidi kwamba fundi alichovya brashi kupita kiasi, au alitia petroli nyingi kwenye rangi ya mafuta. Alitembea na kitambaa mfukoni miaka yote ili apanguse kitu ambacho mimi nakiuza. (Hata rangi ya kopo hushuka hivyo ukiipulizia karibu mno.)

Lakini anayajua matone kuliko video zote nilizotazama. Rangi hushuka pale ilipojikusanya, akasema: chini ya mguu wa L, kwenye mikono ya E, chini ya tumbo la O. Shingo ya tone ni nyembamba kwa sababu rangi imekimbilia kichwani. Linapoachana na herufi hakuna kona, kuna mteremko laini. Kwenye mabati linafuata mfereji. Kwenye plasta mbaya linasitasita, linapinda.

Nikarudi nikajaza zile kona, nikabakisha matone manne kwa neno zima, moja refu kuliko mengine, na mng'ao mweupe upande mmoja tu, mwanga unakotoka. Ungedhani ukigusa utachafuka.

Halafu wakaja vijana watatu. Walitaka fulana nyeusi zenye jina la rafiki yao aliyekufa kwenye maandamano ya Juni 2024. Herufi nyekundu, zichuruzike. Nikajua naweza kuifanya, na kuifanya vizuri mno, na hapo ndipo mkono ulipogoma.

"Mamake ataivaa?" nikauliza.

Tulibishana karibu saa nzima. Mmoja alisema watu wanasahau haraka, lazima waone damu. Sikuwa na jibu la kumshinda, na bado sina. Mwishowe tukakubaliana: jina jeupe, kingo safi, na tone moja jekundu chini ya herufi ya mwisho, fupi, shingo nyembamba.

Pesa sikuchukua. Walichapisha fulana 30 Kisumu mjini, moja ikiwa saizi ya mamake.