Siku Nane Plainfield

Kutoka Montpelier, mji mkuu wa jimbo la Vermont nchini Marekani, barabara hufuata Mto Winooski kuelekea mashariki hadi kijiji cha Plainfield. Mwezi wa Januari theluji hufunika mashamba yote, na kwa mzaliwa wa Tanga kama mimi, Adhuhuri na Magharibi huonekana kushikana mikono.

Hapo ndipo kilipokuwa Chuo cha Goddard, kilichoanza mwaka 1938 katika shamba la zamani. Mwaka 1963, kwa mpango aliouasisi Evalyn Bates, kiliwafungulia mlango watu wazima wenye kazi na familia: mwanafunzi alikaa chuoni siku chache kila muhula, kisha akasomea nyumbani. Zama zetu zilikuwa siku nane.

Nilikwenda kusomea shahada ya uzamili, nikiwa nimewaacha watoto watatu kwa baba yao. Nilipoomba ratiba ya masomo, mshauri wangu alinijibu kwa upole, "Andika swali lako kwanza." Niliona haya. Vitabu ni mimi wa kuvichagua, mpango ni mimi wa kuupanga. Mtihani hapakuwa, wala maksi.

Usiku wa tatu nilipiga simu nyumbani. Kitinda mimba wangu alinisalimu kwa Kiingereza; nilipomjibu kwa Kiswahili, alimpa baba yake simu amtafsirie. Swali nikalipata hapo: lugha hupoteaje katika nyumba ambamo wazazi bado wanaizungumza?

Kila wiki tatu nilituma bahasha ya kurasa zangu, na mshauri akanirudishia barua ndefu ya kunihoji. Niliandika baada ya Isha, watoto wakiwa wamelala. Uhuru huo una gharama yake: hakuna kengele ya kukuamsha, na mwenye kuahirisha huidanganya nafsi yake. Siku za bahasha mume wangu alipika, nasi tukaweka sharti jikoni: chakula huombwa kwa Kiswahili tu.

Chuo hicho kilifungwa mwaka 2024, wanafunzi na fedha vikiwa vimepungua. Basi, ndugu msomaji unayekusudia njia hii, hakikisha ithibati ya chuo, uliza hatima ya wanafunzi kikifungwa, kisha jiulize ni swali gani unaloweza kuishi nalo kwa miaka.

Langu ninaishi nalo bado. Jana kitinda mimba alisimama mlangoni mwa jikoni, akafikiri kidogo, akasema, "Mama, naomba maandazi mawili." Nikampa matatu.