Lulanga ya mti mmoja

Katika nyumba yetu ya Bagira kulikuwa vitu viwili ukutani: picha ya harusi yetu na lulanga ya marehemu baba mukubwa. Picha iko pale mpaka leo. Lulanga ilipasuka.

Kwa msomaji ambaye si wa Bushi nieleze kidogo. Lulanga ni ubao mrefu uliochongwa katikati mpaka ukawa kama sinia ao mtumbwi mudogo. Kamba yake ni moja tu, ndefu: inatoka kwenye meno ya ncha moja, inafika kwenye meno ya ncha ya pili, inarudi, inaenda tena, mpaka macho yanaona nyuzi nyingi. Mpigaji anakaa, anaiweka mapajani, anaimba kwa sauti ya chini habari za bami, za ng'ombe, za mtu aliyemwacha. Haina mfuniko, haina msumari, haina kole. Yote imetoka katika gogo moja.

Hatuko peke yetu. Rwanda na Burundi wanaita inanga. Bakiga wa Uganda na Wahaya wa upande wa Bukoba wanaita enanga, na Profesa Mulokozi wa Dar es Salaam amechunguza sana tendi ambazo Wahaya wanaimba nayo. Alan Merriam, Mmarekani mtaalamu wa muziki, alifika katika inchi zetu miaka ya 1951 na 1952, na mwaka 1955 alitoa makala nzima juu ya vyombo vya muziki vya Bashi. Basi si kitu cha kuchekesha watalii.

Sasa, mupwa wangu ni mpiga solo katika orkestra ya kanisa. Mwaka uliopita shangazi yake aliye Ubelgiji alimtumia gitare ya umeme, si mpya. Kijana alikuja nayo mbio nyumbani.

“Mujomba, angalia uso wake! Ni kipande kimoja. Hakuna muungo katikati.”

Akanifundisha. Gitare nyingi za namna hiyo, kama Gibson Les Paul iliyoanza kuuzwa mwaka 1952, uso wake ni ubao mwembamba uliobandikwa juu ya mwili wa mti mwingine. Mara nyingi uso huo ni mbao mbili: wanapasua ubao mmoja, wanaufungua kama kitabu, ili mistari ya mti itazamane kushoto na kuume. Kupata uso wa kipande kimoja kunaomba ubao wenye upana wa zaidi ya sentimeta 33, usio na kasoro. Hiyo ni mti mkubwa. Ndiyo maana wapenzi wa gitare wanautafuta na wanakubali kuulipia.

Nikamuuliza: “Na sauti? Iko tofauti?”

Akacheka. Ni kijana mkweli. Aliniambia kwamba gitare ya umeme inachukua sauti kwa sumaku zilizo chini ya nyuzi, na mtu akifunga macho hawezi kusikia kama uso una muungo ao hauna.

“Basi unafurahia nini?”

“Mujomba, ni kama mutu mwenye hayavunjikaka mufupa hata siku moja.”

Neno hilo liliniuma, kwa sababu lulanga yetu ilikuwa imevunjika mfupa, na kosa lilikuwa langu. Baba mukubwa alikuwa anaiweka mahali pa kivuli, mbali na jua. Mimi, kwa kutaka wageni waione, niliitundika karibu na bati, na kiangazi kikafanya kazi yake. Mti unapokauka haupungui sawasawa: unapungua zaidi kwa kuzunguka kuliko kuelekea kiini. Ndiyo maana gogo zima lenye kiini ndani yake linapasuka. Wazee walijua. Walipasua gogo kwanza, wakatupa kiini, wakachonga mti ungali mbichi, wakauacha ukauke polepole. Walifanya yao vizuri. Sisi ndio tuliharibu.

Nilienda Kadutu kwa fundi wa mbao. Akaigeuza mara mbili, akasema: “Muzee, tutengeneze ingine. Nitaunga mbao mbili za libuyu, chini naweka tripleksi. Siku mbili imeisha.”

Nikakasirika. Lulanga yenye muungo si lulanga, nikamwambia. Yeye akaniuliza kwa upole: “Mti mupana hivi nitautoa wapi?”

Sikuwa na jibu. Vilima vya Kabare na Walungu leo vimejaa mikaliptusi ya kutoa miti ya nyumba na makala, na mti huo ukikauka unajipinda na kupasuka. Misitu mikubwa iliyo karibu nasi iko katika Parke ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970, na si ya kukatwa. Libuyu inatoka mbali, upande wa Shabunda na Walikale, na inafika sokoni ikiwa mbao tayari.

Tukapatana: ya zamani aiponye, na mpya aiunge kwa mbao mbili, lakini bila tripleksi. Ufa aliujaza kole, akaufunga kwa mipira ya baiskeli kwa siku mbili. Mbao mbili za mpya aliziunga kwanza, kisha akazichonga pamoja kama mti mmoja. Mupwa wangu akaweka nyuzi, akapiga zote mbili.

Ile ya zamani ililia tena. Ile mpya sauti yake ni kavu, inakatika upesi, kwa kuwa libuyu ni nzito na fundi aliacha sakafu nene. Alipoipunguza, ikafunguka. Muungo haukuwa na shida. Kole nzuri inashika kama mti wenyewe. Kwa hiyo nakubali: juu ya sauti, nilikosea.

Kipande kimoja kinavuta moyo kwa sababu nyingine. Kinashuhudia kwamba palikuwa mti mkubwa karibu na nyumba, na mtu aliyekuwa na wakati wa kuuchonga. Muungo nao unashuhudia wakati wetu. Si haya, ni ukweli.

Lakini jambo moja lilinishinda usingizi. Mupwa wangu alipomaliza kupanga nyuzi aliniambia: “Mujomba, sasa unifundishe nyimbo za muzee.” Ninakumbuka mbili, tena nusu nusu. Nyingine zote zilizikwa naye. Miaka mingi nilichunga mti, nikasahau kuuliza wimbo.

Sasa kijana anajifunzia kwenye lulanga yenye muungo, na zile nyimbo mbili anazitafutia vipande vilivyopotea kwa wazee wa kijiji. Nyinyi mulio na mzee anayejua bado kupiga, musingojee. Muende kwake juma hili, na simu mfukoni ya kurekodi, na muulize pia ni mti gani anapenda. Rwanda na Burundi wanatumia umwungo, mti mwepesi wa milimani unaoota upesi. Unaweza kupandwa kwetu pia, katikati ya mikaliptusi.