Tulimtaka Asome Kabla Hajacheza



Mmezoea kutukuta hapa na habari za hina, mitandio na maandalizi ya harusi. Leo hina itakuwemo pia, lakini kwa njia nyengine. Mabibi harusi wawili tuliowapaka hina mwaka jana sasa ni mama, alhamdulillah, na wote wametuuliza swali moja: mtoto aanze skuli lini, na aanze na nini? Tukaona tusijibu juu juu. Tutakuhadithieni yaliyotupata sisi, maana tulikosea kwanza, ndipo tukajifunza.

Kwa wageni wetu: sisi ni ndugu wawili, wazaliwa wa Unguja, tumeolewa na ndugu wawili wa Kipare. Waume zetu wana kazi Same mjini, kwa hiyo tunaishi huko, nyumba mbili uwanja mmoja. Wakwe zetu wako Usangi, juu milimani, upande wa Mwanga. Mtu aliyekulia pwani akifika Same hushangaa. Mji umekaa chini ya milima, pakavu, upepo na vumbi, na mvua unaiona kule juu tu. Lakini panda Usangi siku hiyo hiyo, utakuta migomba, kahawa, ukungu na baridi ya kukutafutisha sweta.

Binti wa mkubwa wetu ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba hizi mbili, na tunamwita binti yetu sote. Alipokuwa na miaka mitatu alikuwa akishinda kwa mama mmoja jirani anayelea watoto. Huko kazi yao ilikuwa mchanga, maji, vizibo na nyimbo. Akirudi jioni kanzu yake ina udongo mpaka mgongoni, na mdomo haufungi kwa hadithi.

Kisha siku moja tukamsikia mtoto wa rika lake akihesabu mpaka mia kwa Kiingereza. Wivu ukatuingia, tuseme kweli. Tukaambizana, huyu wetu anapotea na vizibo vyake. Tukamtoa, tukampeleka kituo cha kulipia chenye benchi, daftari na sare nzuri. Alikuwa hajamaliza mwezi tangu atimize miaka minne.

Kila siku alirudi na ukurasa wa kujaza herufi moja kutoka juu mpaka chini. Asiyejaza huchapwa vidole kwa rula, hilo tulikuja kulijua baadaye. Sisi nasi usiku tunamkalisha mezani amalizie. Baada ya wiki chache hadithi zilikatika. Akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Ripoti ikaja: mtoto mzito, hashiki.

Usiku mmoja tulimfokea, wawili kwa pamoja, mtoto mmoja. Asubuhi yake penseli hazionekani. Tulizikuta zote ndani ya gunia la mchele, amezizamisha mpaka chini. Tulipomuuliza kwa nini, hakujibu. Alinyoosha mikono yake tuichape.

Wapenzi, hapo ndipo tulipokaa chini tukalia. Mtoto alikuwa amekwisha kujua kwamba kujifunza ni kupigwa, na wa kumpiga ni sisi.

Baba yake hakusema mengi. Alimpandisha Usangi kwa mama yake akapumzike.

Mama mkwe wetu si mwalimu, na hakumfunza chochote kwa maana tuliyoijua sisi. Alimwingiza tu katika siku yake. Alfajiri akiamka kuswali, mtoto yupo pembeni na kikopo chake cha maji. Bibi ananawa mkono mara tatu, naye anafuata: moja, mbili, tatu. Halafu moto, chai, na kuwapelekea ng'ombe majani. Mchana wanachambua maharage na mahindi ya makande, na kama mnavyojua, kwa Wapare makande ndiyo chakula chenyewe. Maharage mekundu huku, ya njano kule, mawe nje. "Nipe matano." "Nipe mengine mawili." Tulipokwenda kumtazama, mtoto aliyeambiwa hashiki alikuwa akijumlisha kwa maharage bila kujua kama hiyo ni hesabu.

Babu yake naye humchukua kwenda kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo ambalo Wapare wamekuwa wakilitumia tangu enzi za wazee wao: maji ya kijito hukusanywa humo, kisha hufunguliwa kwenye mifereji na kila shamba hupata kwa zamu yake. Binti yetu akarudi akachimba ndiva yake nyuma ya jiko, na vimfereji viwili. Mtoto wa jirani alipotaka kufungua maji alimzuia: "Ngoja, bado si zamu yako." Kujaa na kupungua, juu na chini, haki ya mwenzako, yote yamo kwenye shimo la matope. Na sisi tulikuwa tumelipa ada ili akae mbali na matope.

Wiki ya tatu hadithi zilirudi, tena zimechanganyika na Kichasu ambacho sisi hatukielewi, akawa anatucheka.

Sasa hina. Tulipanda Usangi kwa ajili ya harusi ya binamu ya waume zetu, tukawa tunampaka bibi harusi. Binti yetu akataka na yeye. Tukamtengenezea koni ya nailoni, tukatia uji mzito wa unga badala ya hina, tukampa jani la mgomba achore. Alikaa mpaka Isha. Mawimbi, nukta, duara, maua. Mikono ile ile iliyoogopa penseli ilikuwa ikiminya koni taratibu, inasimama, inaendelea. Mdogo wetu akatazama jani, akanyamaza, akanionesha mwenzake kwa jicho: nusu duara imelala kama kisahani, na nukta moja chini yake. Tulipomuuliza hiki ni nini, alisema ni sahani na tende iliyoanguka. Sisi tuliiona herufi be. Lakini usiku ule hatukumwambia. Tulikuwa tumeanza kujifunza.

Ajabu ni kwamba haya hayakuwa mageni kwetu. Sisi wenyewe, Unguja, tulianzia skuli ya awali ya madrasa. Mpango ule ulitokea Mombasa: mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan msaada wa kuinua elimu ya watoto wao, ukaanza huko Mombasa na Bi Swafiya Said akiwa mwalimu wake wa mwanzo, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa akina mama wa mtaani waliopewa mafunzo. Vifaa vilikuwa vifuu, kokoto, makopo na vitambaa. Kulikuwa na pembe ya kupikapika, pembe ya kujenga, pembe ya vitabu, na dini ilikuwamo katika salamu, dua ya chakula na visa vya Mitume. Tulikua, tukasoma, tukapata kazi, halafu tukasahau tulikoanzia. Tukadhani tulisoma licha ya vifuu, kumbe tulisoma kwa vifuu.

Na dini yetu je? Kuna dada alituambia mchezo ni upuuzi, mtoto wa Kiislamu afunzwe adabu. Tukamjibu kwa upole. Bi Aisha, Allah amridhie, alikuwa na wanasesere wake, na Mtume, rehma na amani zimfikie, aliwaacha wenzake waje kucheza naye. Imepokewa pia kwamba alimuuliza juu ya farasi wake wa matambara mwenye mbawa, akamsikiliza jibu lake kwamba farasi wa Nabii Suleiman walikuwa na mbawa, akacheka mpaka magego yakaonekana. Aliuliza, akasikiliza, akacheka. Ni mambo matatu, na sisi usiku ule wa penseli hatukufanya hata moja. Hata Sala, nguzo ya dini, tumefundishwa kumwamrisha mtoto akifika miaka 7. Kabla ya hapo anatuona tu tukiswali, anapanda mgongoni, anajifunika mtandio wetu. Ikiwa Sala ina subira hiyo, herufi "a" ina haraka gani?

Hata serikali haisemi tofauti. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliweka elimu ya awali kuwa ya lazima kwa walau mwaka mmoja, kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Mwezi Disemba 2021 ikazinduliwa programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na humo uchangamshi na michezo vinawekwa pamoja na lishe, afya na usalama. Kwa hiyo mkimwuliza mwalimu, "Watoto wanacheza saa ngapi hapa?", msione haya. Ni swali halali.

Lakini tusifahamiane vibaya. Kucheza si kumtupa mtoto uwanjani ukashika simu. Mama mkwe alikuwa pale muda wote, mikono kazini, masikio kwa mtoto. Sisi tulipomrudisha Same tulipanga siku yake upya, na haitugharimu kitu. Asubuhi anajimiminia maji ya udhu na kupanga viatu vya nyumba kwa jozi. Tukipika anachambua mchele, anatwambia kikombe kimejaa au nusu. Mchana anacheza na wenzake, mdako au ukuti. Jioni anachora kwa mkaa kwenye kadibodi, nasi hatumwambii "umekosea", tunamwambia "nihadithie". Kabla ya kulala, kisa kimoja na dua. Basi.

Kuna siku tunachoka. Kuna siku mchele unamwagika wote na tunajikuta tumefoka. Tunamwomba msamaha, na hilo nalo anajifunza.

Leo ana miaka saba, yuko darasa la kwanza. Msitarajie tuseme ni wa kwanza darasani, si kweli. Kusoma alianza taratibu kuliko wenzake wawili watatu. Ila anasoma, anauliza, na akikosea anafuta na kuandika tena bila kutetemeka. Bado akisikia sauti ya ukali vidole vyake hujikunja. Hicho ndicho tulichomwachia, tunakibeba, na tunamwomba Allah atusamehe.

Kwenu mabibi harusi: kabla ya ndoa mnazungumza mahari, nyumba, sherehe na rangi ya shela. Ongezeni na hili. Muulize mwenzio alilelewa vipi, alichapwa au alisikilizwa, na mnataka mtoto wenu akumbuke nini. Sisi hatukuuliza, tukaja kuyajua mbele ya gunia la mchele. Na msidharau bibi wa mlimani au wa shamba asiyeandika jina lake. Huenda skuli mnayoitafuta iko jikoni kwake.

Wiki ijayo tukijaaliwa tutakuleteeni mitindo ya hina ya mikono kwa harusi za msimu huu. Uji ukibaki kwenye koni, msiutupe. Mpeni mtoto aliye karibu, na jani la mgomba.

Allah awajaalie watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu, na sisi atujaalie tuwe kitulizo cha nyoyo zao. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.