Bukavu juu ya meza: matembezi na rula mkononi



Wiki hii barua yetu haiwapeleki mbali. Tunawatembeza Bukavu, mji huu tunaoukanyaga kila siku na mzigo kichwani bila kuutazama. Safari hii tuliutazama vizuri, kwa sababu tangu likizo kubwa ianze watoto wa kikundi chetu wanajenga mji mdogo wa katoni pamoja na treni yake, na walitutuma tuwasaidie kupima nyumba.

Mtatuuliza: treni gani, na Bukavu hakuna treni? Swali hilo watoto waliliuliza kabla yenu. Koko mmoja wa kikundi, aliyezaliwa Uvira, aliwasimulia habari alizopewa na baba yake. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na reli ndogo katika bonde la Ruzizi, kutoka bandari ya Kalundu, pale Uvira, hadi Kamanyola. Hapo ilikwisha. Mizigo ilishushwa na kupakiwa kwenye malori ili ipande milima hadi huku kwetu, mji ukiwa bado unaitwa Costermansville. Reli hiyo ilifungwa hata kabla ya Uhuru wa 1960. Kwa nini haikupanda? Kamanyola iko chini bondeni, nasi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Lori linaweza kupanda Ngomo kwa kuguruma, lakini treni haipendi mlima. Magurudumu yake ni chuma juu ya chuma, na mwinuko ukiwa mkali huteleza.

Watoto wakasema: basi sisi tutaipandisha. Ndivyo kazi ilivyoanza.

Kipimo kwanza

Watu wanaojenga treni ndogo huko Ulaya wana vipimo vyao. Kinachopendwa zaidi ni cha 1 kwa 87: kila kitu kinapunguzwa mara 87. Kwa hesabu za watoto wetu hicho kingeleta fujo. Tukachagua 1 kwa 100, maana mama yeyote anaweza kukihesabu bila daftari: mita moja ya kweli ni sentimita moja ya katoni. Mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 2. Mtu mzima ni kama urefu wa njiti ya kiberiti iliyokatwa katikati. Reli za Katanga zina upana wa milimita 1,067, kwa hiyo zetu tuliziweka sentimita moja na kidogo, za vijiti vya mianzi.

Ubao wetu una urefu wa mita 2 na upana wa mita 1. Maana yake tunabeba mita 200 kwa mita 100 tu za mji. Bukavu nzima haingii. Ilitubidi tuchague cha kuweka, na ili kuchagua, ilitubidi tutembee.

Avenyu Lumumba na nyumba zenye kona za duara

Tulianzia chini, Ibanda. Mnajua kwamba Bukavu inaingia ziwani kama mkono wenye vidole vitano, na kidole kinachojulikana kuliko vyote ni La Botte, kile chenye umbo la kiatu. Juu ya kidole hicho na kando ya Avenyu Patrice Lumumba kuna nyumba za zamani ambazo wageni hupiga picha, nasi tunazipita tukiwaza bei ya mafuta. Zilijengwa miaka ya 1930 hadi 1950, kwa mtindo uliokuwa unapendwa Ulaya wakati ule. Mtoto akitumwa kuchora moja, ndipo unaona: kona haikatiki, inazunguka kama tumbo la sufuria. Kuna mistari ya saruji inayokimbia ukutani toka dirisha hadi dirisha. Kuna madirisha ya duara kama ya meli. Paa limefichwa nyuma ya ukuta, hulioni ukiwa barabarani.

Kwa kona hizo tulitumia mkebe wa maziwa. Unalowesha katoni nyembamba kidogo, unaifunga kwenye mkebe kwa kamba usiku mmoja, na asubuhi imeshika duara. Vioo ni plastiki ya chupa ya maji. Rangi ni chokaa na matone machache ya chai kavu iliyochemshwa, ili ukuta ufanane na ukuta uliokula mvua nyingi.

Kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix nalo halikukosa, watoto wasingekubali. Kuba lake ni nusu ya kibuyu kidogo.

Kadutu, ambako kazi ilikuwa ngumu

Kutoka chini tulipanda Kadutu, kupita soko, hadi mtaa ambao wengi wetu tunaishi. Huku hakuna kona za duara. Kuna mbao, udongo, matofali machache na mabati. Tulidhani itakuwa kazi nyepesi. Kumbe nyumba ya mbao ndiyo inayodai macho zaidi, kwa sababu hakuna mbili zinazofanana. Hii imeongezwa chumba mtoto wa kwanza alipooa. Ile imeegemezwa nguzo baada ya tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, na nguzo haijaondolewa hadi leo. Nyingine ina bati moja jipya linalong'aa katikati ya mabati sita yenye kutu.

Mabati ya katoni ni siri ambayo tunawapa bure. Chukua katoni nene ya sabuni au ya biskuti. Lowesha upande mmoja kwa kitambaa, subiri kidogo, kisha bandua karatasi ya juu polepole. Ndani utakuta mawimbi, yamepangika kama bati lenyewe. Kata, bandika, kisha paka maji ya udongo mwekundu wa barabarani: hiyo ndiyo kutu. Mbao za ukuta ni vijiti vya kiberiti vilivyokwisha kutumika. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo. Kilima chenyewe ni magazeti ya zamani yaliyokunjwakunjwa, yakafunikwa kwa vipande vya karatasi vilivyochovywa katika uji huo, tabaka juu ya tabaka, yakaanikwa siku tatu. Majani ni unga wa mbao kutoka kwa seremala, uliochanganywa na maji ya majani mabichi yaliyotwangwa. Hatukununua kitu ila nyembe, na nyembe alishika mtu mzima tu.

Hatuko peke yetu

Baba mmoja alipita akacheka: wamama wazima wanachezea katoni. Tukamjibu kwa habari ya Mkongo mwenzetu, Bodys Isek Kingelez. Alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele-Ihunga, akaja Kinshasa, akawa mwalimu. Alianza kujenga majumba madogo ya karatasi na katoni. Alipopeleka la kwanza kwenye makumbusho ya taifa, hawakuamini kwamba ni kazi yake. Walimtaka atengeneze jingine mbele ya macho yao. Akatengeneza, nao wakampa kazi. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris, na mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kufariki, jumba kubwa la sanaa la New York, MoMA, lilizionyesha kwa miezi mingi. Alijenga hata hospitali ya kuwatunza wagonjwa wa SIDA, na mji mzima wenye jina la kijiji chake. Aliijenga miji kama alivyotamani iwe.

Na Uholanzi kuko mji mdogo uitwao Madurodam, wenye treni zinazokimbia kati ya nyumba ndogo. Aliyeuanzisha ni mwanamke, Bep Boon-van der Starp, aliyekuwa anatafuta fedha za kuwatibu wanafunzi wenye kifua kikuu. Fedha za kuanzia zilitolewa na wazazi waliompoteza mtoto wao wa kiume, George Maduro, katika kambi ya Dachau mwaka 1945.  Mji huo ukawa ukumbusho wa mtoto wao. Mji ulifunguliwa mwaka 1952, na upo mpaka leo. Baba yule alinyamaza, halafu akatuletea katoni mbili.

Tuliyoyaona toka juu

Sasa tunafika kwenye sababu ya kuwaandikia. Nyumba za mtaa wetu zilipokwisha kupangwa juu ya kilima cha magazeti, kila moja mahali pake kama tulivyopima, watoto walianza kuweka watu. Njiti huyu ni mama mwenye ndoo. Huyu ni mwalimu. Kisha msichana mmoja wa miaka kumi na moja akatengeneza tipoyi: vijiti viwili vya sentimita 2 na kipande cha kitambaa, na mgonjwa juu yake. Akasema ni shangazi yake anayepelekwa kuzaa usiku. Akaanza kumteremsha kutoka nyumba ya juu kwenda barabara ya magari.

Alipita kwenye kichochoro cha kwanza. Kwenye kona ya pili tipoyi ikakwama. Akaigeuza, ikakwama. Akaiinua upande, mgonjwa akaanguka. Pale kichochoro kina milimita 8, yaani sentimita 80 za kweli, na kona ni kali. Zamani palikuwa na mita moja na nusu. Upande mmoja jiko liliongezwa, upande wa pili ukaongezwa uzio. Kila aliyeongeza alichukua kidogo tu, na alikuwa na haja. Sisi tunapita hapo kila siku, mmoja nyuma ya mwingine, wala hatukuwahi kufikiri kwamba nyumba kumi na nne zilizo juu zina njia hiyo moja tu.

Msichana akauliza: «Mama, shangazi atapita wapi?» Hakuna aliyemjibu haraka.

Kisha mvulana mmoja akamwaga maji kidogo juu ya kilima, ili aone mvua itapita wapi. Maji yalifuata kichochoro kilekile, yakajikusanya kwenye uzio uleule, halafu yakaingia chini ya nyumba mbili. Wenye nyumba hizo walikuwapo. Wanajua kila Septemba maji huingia. Hawakujua yanatokea wapi. Nasi tukakumbuka mioto ya Kadutu: mbao zimeshikana na mbao, moto unaruka toka paa hadi paa, na wanaokuja na ndoo hawana pa kusimama.

Hatusemi jirani yeyote ni mbaya. Aliyeongeza jiko ana watoto saba. Aliyeweka uzio aliibiwa mara mbili. Tuliwaita wote wawili waje kutazama meza, bila makelele. Walisimama muda mrefu. Mama mwenye jiko alichukua tipoyi mwenyewe, akajaribu kuipitisha, ikamshinda. Akasema jiko laweza kuhamia upande wa nyuma, ikiwa atasaidiwa kubeba mawe. Baba mwenye uzio bado hajakubali. Amesema atafikiri, tumemwachia nafasi ya kufikiri. Lakini kila jioni tunamwona anakuja kutazama.

Na treni je?

Treni ipo. Ni mikebe minne ya sardini juu ya magurudumu ya vizibo vya soda, inavutwa kwa uzi. Inakuja kutoka Kamanyola, ambako ni pembe ya ubao, inapanda kwa kuzunguka kilima mara mbili, polepole, kama reli za kweli zinavyokwepa mlima. Kulikuwa na ugomvi mkubwa kuhusu kituo kiwekwe wapi, kwa sababu Bukavu haina uwanja wa tambarare ambao haujajengwa. Mwishoni watoto walikiweka kando ya ziwa, kituo chenye kona za duara kama nyumba za Lumumba na paa la bati lenye kutu kama la Kadutu. Nasi hatukuingilia.

Vikundi vya mitaa mingine vinavyotaka kujenga mteremko wao, tunawashauri mambo matatu. Pimeni kwa miguu yenu, msikadirie mkiwa mmekaa. Wekeni nyumba zote, hata choo na banda la kuku, maana ndivyo vinavyoziba njia. Na waacheni watoto waweke watu, halafu wasikilizeni wanachouliza.

Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, ni salongo kwenye kichochoro chetu. Tunahamisha mawe ya jiko na kuchimba mfereji wa maji kabla mvua haijarudi. Mwenye jembe aje nalo, mwenye beseni aje nalo. Chai na mihogo vitakuwapo. Meza itatolewa nje, ili kila mmoja aone tunachimba wapi na kwa nini.