Dumu la Tembo Kutoka Umwe

Jua halijachomoza nilikuwa Mbagala Rangi Tatu, nimeshapata kiti cha dirishani kwenye Coaster ya Ikwiriri, nimepakata dumu tupu la lita 3. Wenzangu kazini wakitaka kuona mvinyo unavyotengenezwa huenda Dodoma kwenye zabibu. Mimi nilikuwa nafuata kinywaji cha pwani yetu, tembo la mnazi, tena kwa ajili ya jikoni. Mama yangu hajaonja kileo maisha yake yote, lakini kwake mkate wa kumimina si mkate kama haukuumuliwa kwa tembo. Hamira ya dukani, husema, inaumua lakini hainukii.

Mkuranga, Bungu, Kibiti tulizipita upesi. Kilichonishika macho ni minazi iliyopukutika makuti, imebaki magogo matupu yamesimama shambani. Ni ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao watafiti wa kituo cha kilimo cha Mikocheni wamehangaika nao kwa miongo.

Nilikokuwa nakwenda ni Umwe, iliyoshikana na mji wa Ikwiriri. Ukiendelea kusini unafika Mto Rufiji na Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Bodaboda ilinishusha kwenye uwanja uliofagiliwa, mzee mgema akinoa kotama, kisu chake cha kugemea.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Kama unataka tamu, umechelewa. La alfajiri limeshaanza ukali.”

Nikamwambia ni la kuumulia mkate. Akacheka, akasema basi hilo hilo ndilo lenyewe.

Alinichagulia mnazi mfupi ili nione vizuri. Akakanyaga parapara zilizochongwa shinani, moja baada ya nyingine, kibuyu kikimning'inia ubavuni, hadi kwenye karara ambalo halijapasuka, limefungwa kamba kuanzia shinani na kuinamishwa taratibu. Akaondoa kibuyu cha usiku, nyuki wakimzunguka mkono. Kisha akalikata karara nchani, kipande chembamba kama ganda la kitunguu. Asipokata, kidonda hufunga na utomvu hukoma, ndiyo maana lazima apande asubuhi na jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Tone likajikusanya, likang'aa, likadondoka. Nililisubiri la pili muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Aliposhuka akanichotea kwa kata, baada ya kuchuja nyuki na takataka. Lilikuwa jeupe kama maji ya mchele, lina utamu mbele na uchachu nyuma, likichemka ulimini. Hakuna anayelitia kitu. Chachu imo hewani na kwenye masalia ya jana ndani ya kibuyu, na kazi huanza utomvu ukiwa bado juu mtini. Kufika jioni ni kali. Likilala siku kadhaa ni siki.

“Karara nililoligema halinipi nazi,” alisema. “Nachagua moja: nazi au tembo.”

Alikuwa na minazi saba ya kugema. Vijana wake wote wanaendesha bodaboda, na sikuona sababu ya kuwalaumu, maana anayeanguka mnazini hana fidia. Hata hivyo liliniuma. Ujuzi ule uko mikononi na kwenye nyayo. Hakuna daftari litakalouhifadhi. Methali inatuonya tusimsifu mgema, asije akalitia tembo maji. Mimi nilimsifu pale pale, na hapa namsifu tena.

Aliponijazia dumu aliacha nafasi ya vidole vinne juu. “Usikaze kifuniko. Litapasua.”

Njia nzima ya kurudi nililishika kati ya magoti, likifoka kidogo kidogo kila gari liliporuka tuta. Kibiti lilinukia kama embe bivu. Tulipofika Vikindu harufu ilishakuwa nzito, na abiria wa pembeni akaniuliza, bila kunigeukia, kama nimetoka kwa mgema gani.

Mama alipima kikombe kimoja usiku ule, akakichanganya na unga wa mchele na tui, akafunika bakuli kwa sahani. Alfajiri sahani ilikuwa imeinuka, imekaa upande juu ya unga.