Bombo: Mji Uliozoea Kungoja

Msafiri atokaye Kampala kwa barabara ya Gulu hufika Bombo baada ya mwendo wa kilomita 35 hivi. Hapo yako makao makuu ya majeshi ya nchi kavu ya Uganda, na kando ya kambi umeenea mji wenye misikiti, maduka na nyumba za Wanubi. Jambo la kwanza alionalo mgeni ni sare na malori ya jeshi. Akikaa siku mbili tatu ndipo huona mji wa pili, yaani mji wa wanawake waliozoea tangu zamani kuendesha nyumba ambayo mwenyewe yu safarini.

Asili ya watu hawa ni safari. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta askari wa Kisudani, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, huko Kavalli karibu na Ziwa Albert, chini ya Selim Bey. Askari wenyewe walikuwa mia kadhaa tu, lakini wake, watoto na watumishi waliofuatana nao walikuwa maelfu. Jeshi lile lilikuwa kama kijiji kitembeacho. Mke ndiye aliyesaga nafaka, aliyepika na kubeba vyombo. Asipokuwapo, askari alikosa zaidi ya mwenzi wa kuzungumza naye.

Wakubwa wa Kiingereza hawakulitia jambo hilo maanani. Mwaka 1897 askari hao waliamriwa kufuatana na Meja Macdonald katika msafara wa kaskazini, ilhali wamechoshwa na safari zisizokwisha, mshahara ni mdogo tena wachelewa, na wake zao wanaachwa nyuma. Wakaasi, wakarudi hadi Busoga, na katika ngome ya Luba wakawaua Waingereza watatu. Uasi huo haukuzimwa mpaka mwaka 1898. Sababu zake zilikuwa nyingi, na itakuwa kosa kuzifanya zote kuwa ni uchungu wa nyumbani; hata hivyo, katika malalamiko yao lilikuwamo la wake na watoto.

Mwaka 1902 iliundwa King's African Rifles, na Bombo ikawa kwa miaka mingi makao ya Batalioni yake ya 4. Mwaka 1944 batalioni hiyo ilikuwa Burma, katika bonde la Kabaw, ng'ambo ya bahari. Hapo hapakuwa tena na mke wa kufuata nyuma. Kilichofika nyumbani ni sehemu ya mshahara, na barua. Mke asiyejua kusoma alimpelekea mwalimu au mtoto wa shule, na maneno ya mume yakapita kinywani mwa mtu wa tatu. Bila shaka yako mengi ambayo hayakuandikwa kwa sababu ya haya hiyo.

Fedha ya askari ikichelewa, nyumba hutegemea mikono ya mama. Wanawake wa Kinubi ni mafundi wa kusuka: juu ya kiini cha nyasi huzungusha nyuzi za rangi kali, nyekundu, kijani, zambarau, mpaka ukatokea ungo au kawa la kufunikia chakula. Kazi hiyo hufanyika ukumbini, mtoto akilala pembeni, mama mkwe akitoa rai isiyoombwa. Kwa sheria ya Kiislamu pato hilo ni mali ya mke mwenyewe, lakini mara nyingi huishia kwenye sukari na karo ya shule.

Vita vya mwaka 1979 vilipoiangusha serikali ya Amin, Wanubi wengi walikimbilia Sudan na Zaire. Safari hiyo wanawake nao walikuwa wasafiri, na waliporejea baadaye wengi walikuta kuta tupu.

Tangu zama za mababu zao za barua na karani, mengi yamebadilika. Tangu Machi 2007 askari wa Uganda wamekuwa wakipelekwa Somalia, na familia katika kambi na miji kama Bombo huhesabu miezi tena. Siku hizi simu imeondoa mtu wa tatu, na fedha huingia kwa simu hiyo hiyo. Lakini simu nayo ina tabu yake: ikinyamaza siku mbili, nyumba nzima hailali, ambapo zamani ukimya wa miezi miwili ulikuwa jambo la kawaida.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, huja siku ya kurejea. Mume aliondoka mtoto akitambaa. Sasa mtoto anajificha nyuma ya kanga ya mama na kuuliza mgeni huyu atalala wapi. Mbuzi wameuzwa bila yeye kuulizwa, bati limeezekwa, kijana mkubwa amehamishwa shule. Baba atoa amri, na watoto humtazama mama kwanza. Mke mwenye busara hukaa kimya kidogo, kisha humweleza mambo moja moja, usiku, wengine wakiisha lala. Asubuhi humtuma mtoto kwa baba yake kuomba fedha ya daftari, ingawa daftari alikwisha linunua.